Kioo cha pini 30 kwenye waya wa pini 40

Je, kioo cha laptop chenye plagi ya pini 30 kinaingia kwenye waya wa kioo wa pini 40? Hapana, hakiingii, hata kama kioo cha zamani na kipya vyote ni inchi 15.6. Plagi zina upana tofauti na mpangilio wa pini si mmoja, kwa hiyo usilazimishe. Pini 40 za eDP (njia ya kisasa ya kupeleka picha kwenye kioo) mara nyingi ni za kioo cha kugusa, cha 4K, au cha 120Hz kwenda juu. Mashine za zamani za LVDS (njia iliyotumika kabla ya eDP) nazo zina pini 40, ila haziingiliani kabisa na eDP.

Usiagize kwa jina la kompyuta, maana modeli moja hutoka kiwandani na vioo tofauti. Bandua fremu, laza kioo kifudifudi, usome namba ya lebo ya nyuma, mfano NT156WHM-N42. Agiza kwa hiyo. Angalia pia masikio ya skrubu pembeni, vingine havina.

Na kabla ya kugusa waya chomoa betri kwenye ubao mkuu wa kompyuta, si chaja tu. Plagi ikikaa upande huku umeme upo, fyuzi ya taa ya nyuma inaungua: kioo kipya kitabaki giza, picha utaiona kwa kumulika tochi.