Filimbi ya kunguru inalia kama bata

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mtu wa Mombasa, kwa sasa naishi Lancaster, Pennsylvania. Mwenzangu wa kazini amenialika tukawinde kunguru kwenye shamba la mahindi la mjomba wake. Leseni ninayo. Dukani nilikuta filimbi za kuitia kunguru za mbao, za akriliki na za plastiki, nikachukua ya plastiki kwa kuwa ni rahisi. Nikiipuliza inatoa mlio mwembamba kama wa bata. Ninunue nyingine, au hii inarekebishika?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue kitu bado. Chomoa kile kipande cha ndani utaona ulimi mwembamba wa plastiki umelazwa juu ya kibao chenye mfereji. Hapo ndipo sauti inapotoka. Weka alama ya penseli mahali ulimi ulipo sasa, kisha uvute mbele kidogo tu, hata milimita haifiki. Sehemu inayotetema ikirefuka, sauti inashuka. Ukiurudisha nyuma, inapanda. Mkasi uache mezani, maana ulimi ukishakatwa sauti yake hupanda na hairudi tena.

Filimbi ambayo ndani imegandishwa kwa gundi, mimi huiacha dukani hata ikiwa nzuri namna gani. Mbao ina sauti laini, inafaa msituni, ila hufura ikilowa. Akriliki ni kali na hufika mbali kwenye shamba la wazi, lakini bei yake utaisikia mfukoni. Ya plastiki inakutosha. Ukibahatika kukuta mnadani filimbi ya Olt ya zamani, ya wale mafundi wa Pekin, Illinois, walioanza kazi mwaka 1904, na bei si ya kichaa, ichukue bila kufikiri mara mbili.

Lakini nashuku kosa haliko kwenye ulimi peke yake. Mpiga zumari hujaza mashavu, wewe usiyajaze. Hewa itoke tumboni, kwa mkupuo mfupi, huku ukinguruma kooni. Mngurumo huo ndio unaoleta ule ukwaruzo. Bila huo hata filimbi ya bei mbaya italia safi, na kunguru hana sauti safi.

Tena usiirekebishe kwa kumbukumbu za nyumbani. Yule wa Mombasa mwenye shingo ya kijivu, aliyetoka Bara Hindi, ni ndege mwingine. Wa huko kwako ni mweusi mwili mzima, na ni mkubwa zaidi. Kaa asubuhi umsikilize kwanza. Halafu mwambie mwenzako asimame ng'ambo ya shamba wewe upulize, kwa sababu sauti iliyo karibu na sikio lako hudanganya.

Milio ya taratibu yenye nafasi katikati ni ya kujulishana tu. Kinachowaleta mbio ni ugomvi: milio ya haraka, mikali, inayopandana, kana kwamba wamemkamata bundi. Mweke bundi wa plastiki juu ya nguzo, nyinyi mjifiche vizuri, na uso uufunike, maana kunguru ana macho.

Wakati wa baridi mate huufanya ulimi ugande kwenye kibao. Pitisha noti ya dola chini yake taratibu, itafyonza unyevu bila kukwaruza.

La mwisho ni sheria. Tangu 1972 kunguru wamo katika mkataba wa ndege wahamao baina ya Marekani na Mexico. Jimbo haliruhusiwi kufungua msimu wao zaidi ya siku 124 kwa mwaka, wala kuufungua wakati wa kilele cha kutaga na kulea makinda. Pennsylvania imezoea kuzigawa siku hizo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, ili msimu uende mbali. Soma kijitabu cha mwaka huu ulichopata na leseni, na mwenzako akikualika Jumatano, mwambie asubiri.