Wakimbizi kupewa pesa badala ya chakula, ni sawa?

SWALI: Anti, hivi mbona siku hizi wakimbizi wa vita wakishavuka mpaka wengine wanapewa pesa badala ya chakula na mablanketi? Si watazitapanya tu?

JIBU: Hapana mdogo wangu. WFP (shirika la chakula la Umoja wa Mataifa) na UNHCR (shirika lake la wakimbizi) wanatoa vyote, pesa na vitu, inategemea na soko la pale, kama bidhaa zipo basi pesa ni bora maana mama mwenye kichanga anajua mwenyewe anataka nepi au sufuria, na wenyeji nao wanapata wateja. Ukimpa nafaka asiye na pa kusagia ataiuza kwa bei ya kutupa. Ila lazima kwanza aandikishwe, mara nyingi na alama za vidole, na hiyo foleni yake we acha tu.