Kabla ya waya, daftari: kusisimua mishipa ya fahamu kwa choo kisichozuilika

Baada ya upasuaji wa saratani ya puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana), nafasi ya kuhifadhi choo hupungua, na mara nyingi mishipa ya fahamu ya eneo hilo imeumizwa na kisu au mionzi. Ndiyo maana mtu anaingia msalani, anatoka, na baada ya dakika kumi amebanwa tena. Tiba ya kusisimua mishipa hiyo hutumia umeme, na umeme huo haurudishi nafasi iliyokatwa. Unachofanya ni kuboresha mawasiliano kati ya utumbo, misuli ya kubana choo na ubongo.

Tiba hii si ya kuanzia. Hali huendelea kutengemaa kwa takriban mwaka mmoja tangu utumbo uunganishwe, na kipindi hicho ni cha loperamidi, dawa ya kupunguza kasi ya choo (kwa kawaida nusu saa kabla ya kula, kipimo apange daktari), mazoezi ya misuli ya nyonga na kusafisha utumbo kwa maji. Ukiona damu, anza na uchunguzi wa saratani, umeme usubiri.

Ukifika zamu ya umeme, huanza na majaribio. Waya mwembamba hupitishwa kwenye tundu la tatu la sakramu, mfupa ulio juu ya matako. Waya ukikaa sawa, njia ya haja hujikaza na kidole gumba cha mguu hujikunja kuelekea chini. Mguu mzima ukizunguka, huenda waya umeingia tundu la pili. Majaribio huchukua wiki mbili hivi. Kuvuja kukipungua angalau nusu, kwa mfano kutoka mara 12 kwa wiki hadi 6, betri hupachikwa chini ya ngozi ya kalio.

Nusu ya nini, sasa? Hapa wengi hukwama, maana daftari wamelifungua waya ukiwa tayari ndani. Andika wiki mbili kabla: kila safari ya choo na saa yake, kila kuvuja, na dakika ulizoweza kujizuia. Usibadilishe dawa wala chakula katikati, la sivyo hutajua kilichosaidia ni nini. Siku za majaribio usiiname sana, usijipinde wala kunyanyua mizigo. Waya ukisogea, msisimko huhamia mguuni au hupotea kabisa, na matokeo yanaonekana mabaya bure.

Ipo pia njia ya kupitisha umeme kwa sindano juu ya kifundo cha mguu, dakika 30 kila wiki kwa wiki 12. Haina upasuaji, ila msaada wake ni mdogo.

Mwisho, uliza kuhusu MRI (picha za ndani ya mwili kwa sumaku) kabla ya kupachikwa chochote. Utaihitaji kufuatilia saratani, na baadhi ya vifaa vya zamani vinaruhusu kupiga picha ya kichwa tu, si ya nyonga.