Kona ya Wakulima wa Mjini: Mwenye kiwanja kasema "limeni tu", tuamini?

Barua zimekuwa nyingi safari hii na karibu zote zimetoka kwa vikundi, sio mtu mmoja mmoja, nimefurahi sana. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana hiyo ndo inaua bustani nyingi za jamii, kuliko hata wadudu na ukame.

SWALI: Dada habari za kazi. Sisi ni majirani 12, mtaani kuna kiwanja kilikuwa jalala miaka yote, tumekisafisha tunataka kulima mboga. Mwenyewe katuambia kwa mdomo tu limeni hakuna shida. Wenzangu wanataka tuanze, mambo ya karatasi baadae. Unatushaurije? – Mama wawili

JIBU: Mama wawili, hongereni kwa kuzoa hizo taka, najua ile kazi inavyovunja mgongo. Lakini naomba sana, karatasi kwanza jembe baadae. Kikundi nilichokuwemo mimi kililima kwa neno la mdomo misimu mitatu, siku moja tukakuta geti jipya na kufuli, na mboga zetu tunaziona kwa ndani tu. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Na sio sisi tu. Los Angeles kulikuwa na shamba linaitwa South Central Farm, ekari 14 katikati ya viwanda, familia kama 350 zilikuwa zinalima pale tangu miaka ya 1990, ni ardhi ambayo jiji lilikuwa limeichukua kwa mwenyewe, sasa mwaka 2003 jiji likamrudishia kwa kumuuzia na wakulima wakaambiwa waondoke. Wakaandamana, wakaenda mahakamani, wakachangisha pesa wanunue, ikashindikana. Tarehe 13 Juni 2006 polisi wakawatoa na matingatinga yakapita juu ya mazao. Yani miaka zaidi ya kumi ya jasho, asubuhi moja tu imeisha.

Sasa linganisha na Liz Christy wa New York. Yeye na wenzake wa kikundi cha Green Guerillas walianza mwaka 1973 hivyohivyo kama nyie, kiwanja kimejaa uchafu pale mtaa wa Bowery unapokutana na Houston, wakasafisha wakaleta udongo wakapanda. Lakini hawakuishia hapo, walikwenda jiji wakaomba ruhusa na mwaka 1974 wakapangishwa kwa dola 1 kwa mwezi. Dola moja! Pesa haikuwa ishu, ishu ni kwamba jina lao lilikuwa kwenye karatasi. Bustani ile ipo mpaka leo na inaitwa kwa jina lake. Ila hata pangisho halitoshi milele, maana mwaka 1999 jiji hilohilo lilitaka kupiga mnada bustani zaidi ya 100 za jamii, zikaokolewa dakika za mwisho na taasisi mbili zilizozinunua. Kwa hiyo mkishakuwa na mkataba endeleeni kutafuta ulinzi mkubwa zaidi, msilale.

Mkataba wenu uwe hata kurasa moja tu: mnalima mpaka lini, akitaka kiwanja chake anawapa notisi ya muda gani (pambaneni iwe inatosha kuvuna msimu mzima), maji nani analipa, na mkiondoka mnaruhusiwa kuchukua nini. Shahidi awepo. Na kama mwenyewe anakataa kusaini hata hicho kikaratasi basi mjue amewajibu tayari, hapo limeni vitu vya kuhamishika. Prinzessinnengärten ya Berlin ilianza 2009 kwenye ardhi ya kupanga, wakapanda kwenye kreti na magunia makusudi, ili siku ya kuhama wabebe bustani yao, na kweli miaka kama kumi baadae sehemu kubwa ya kazi ilihamia kwenye eneo la makaburi mtaa mwingine.

SWALI: Bustani yetu ya mboga za kuuza iko kando ya njia, wapita njia wanachuma usiku. Tumechanga hela ya ukuta lakini tunasita. – Katibu wa kikundi

JIBU: Katibu, mnavyosita mko sahihi kabisa. Pale Todmorden Uingereza, mwaka 2008 kina Pam Warhurst na Mary Clear walianza kupanda mboga na viungo sehemu za wazi, mpaka mbele ya kituo cha polisi, na yeyote anachuma bure. Sisemi nyie mgawe zote, nyie mnauza, ila pandeni tuta moja la nje la wapita njia na muweke kibao kinachosema hili chumeni, la ndani ni la kikundi. Halafu huyo anayechuma usiku mkimjua msianze na polisi, muiteni Jumamosi aje kumwagilia. Kuna mtu anaiba kwa tamaa, na kuna mtu ana njaa tu na anaona aibu kuomba. Ukuta unawafungia nje wote wawili, pamoja na jirani ambaye angewasaidia.

SWALI: Tumepata mfadhili anataka tupanue mara tano ndani ya mwaka. Mwenyekiti wetu anasema bahati haiji mara mbili. – Mweka hazina

JIBU: Mweka hazina, nenda taratibu. Will Allen, aliyekuwa mchezaji wa kikapu wa kulipwa, mwaka 1993 alinunua shamba dogo lenye nyumba za kioo za kuoteshea mimea mjini Milwaukee, Marekani, likazaa taasisi ya Growing Power, mboji ya minyoo, samaki na mboga kwenye mzunguko mmoja wa maji, watu walikuwa wanatoka mbali kujifunza. 2008 akapewa tuzo ya MacArthur, dola 500,000. Mimi namheshimu mno yule baba, wanafunzi wake bado wanalima sehemu nyingi. Lakini taasisi ilikua ikaelemewa na madeni na mwaka 2017 ikafungwa. Kwa hiyo chukueni kiasi mnachoweza kukisimamia, hesabu zisomwe kila mwezi mbele ya wanachama wote, na muulize mapema mishahara ya mwaka wa pili italipwa na nani pesa ya mfadhili ikiisha. Mwenyekiti akikasirika akasirike.

SWALI: Kiwanja chetu zamani kilikuwa gereji. Kuna shida? – Kijana

JIBU: Ndio kijana wangu, inaweza kuwepo, tena kubwa. Rangi za zamani na petroli ya zamani vilikuwa na madini ya risasi, na risasi haiozi, inakaa kwenye udongo miaka na miaka na inaumiza zaidi ubongo wa watoto. Peleka udongo maabara kabla ya kupanda chochote kwenye ardhi hiyo. Wakati mnasubiri majibu, tengenezeni matuta ya kuinua yenye udongo safi wa kuletwa na mboji nyingi, chini mtandike kitambaa kizito, na msipande vya mizizi wala vya majani kwenye udongo wa pale. Watoto wasichezee humo, na mikono ioshwe kila mkitoka.