Lou Piniella na kura moja inayokosekana

Swali: Piniella, kocha mstaafu wa Marekani, anakwama wapi kuingia Ukumbi wa Mashujaa wa Besiboli kule Cooperstown?

Kwenye kura moja. Makocha hupigiwa kura na jopo la watu 16, na anayeingia lazima apate 12. Desemba 2018 alipata 11. Desemba 2023, 11 tena. Ubaya uko kwenye utaratibu: mwaka 2023 majina yalikuwa 8 na kila mjumbe aliruhusiwa kuchagua 3 tu. Kocha mwenzake Jim Leyland akazoa 15, Bill White, kiongozi wa zamani wa ligi, 10. Mjumbe anayemkubali Piniella lakini ana watatu mbele yake hana namna ya kumsaidia.

Swali: Leyland kamzidi nini?

Fainali. Aliingia World Series, yaani fainali ya ubingwa, mara 3, akatwaa ya 1997. Piniella aliingia mara 1, mwaka 1990, akatwaa. Kwa michezo aliyoshinda, Piniella yuko mbele: 1,835 kwa 1,769. Tena ile 1990 haithaminiwi inavyostahili! Cincinnati, timu yake wakati huo, iliwachapa Oakland, mabingwa watetezi, michezo 4-0. Mchezo wa nne, Cincinnati wakiongoza 2-1, mrushaji wao Jose Rijo alikuwa amewatoa wapigaji 20 mfululizo. Zilipobaki auti mbili, yaani wapigaji wawili wa kutoa mchezo uishe, Piniella akampumzisha, akamwingiza mrushaji mwingine, Randy Myers, naye akamaliza kazi. Kocha mwoga asingemgusa Rijo.

Swali: Mbona ameshinda asilimia 51.7 tu?

Sababu kubwa ni Tampa Bay. Mwaka 2003 hadi 2005 alifundisha timu dhaifu ya kwao: ushindi 200, vipigo 285. Ukiitoa, anabaki na asilimia 53.4. Halafu tazama Seattle: ilianza 1977 na haikuwahi kufika mtoano kabla yake. Chini yake ilifika 1995, 1997, 2000 na 2001. Alipoondoka, ikasubiri hadi 2022. Mwaka 2001 ilishinda michezo 116, sawa na rekodi ya Chicago Cubs ya 1906. Dosari ya kweli ni mtoano: Cubs aliyoifundisha ilitolewa 2007 na 2008 bila kushinda hata mchezo mmoja.

Swali: Miaka ya uchezaji inahesabiwa?

Ndiyo, kanuni zinatazama mchango wote. Ana mapigo salama 1,705, tuzo ya chipukizi bora 1969 na ubingwa wa 1977 na 1978 akiwa na timu ya Yankees. Peke yake haitoshi. Ukijumlisha na ukocha, kwetu anastahili. Zamu ya makocha huja kila baada ya miaka mitatu, kwa hiyo inayofuata ni Desemba 2026. Tishio ni Dusty Baker, kocha mwingine mwenye ushindi 2,183, akiwekwa kwenye orodha hiyo hiyo.