Uliza Shangazi: Wote wananisalimia ila hakuna anayenijua

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni mwalimu, nilipangiwa Pangani huu mwaka wa 3 sasa, mji mdogo kila mtu ananiita ticha ticha mpaka kwenye pantoni ya kwenda Bweni, lakini jioni nikifunga mlango sina hata wa kumwambia leo kichwa kinauma. Naandika kwenye daftari afu nalificha chini ya godoro. Nina kasoro gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huna kasoro, una upweke, na usione aibu maana hata Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 liliunda tume kwa ajili ya jambo hili hili. Mji mdogo salamu ni nyingi, habari za nyumbani, habari za kazi, na jibu ni nzuri tu hata kwa mwenye msiba moyoni, maana ukisema neno sokoni asubuhi mchana limeshavuka ng'ambo. Mimi niliishi hivyo Lushoto ujanani, siku moja nikakaa kwenye kigoda cha mama muuza maandazi nikamwambia mama nimechoka. Akaacha kukanda, mikono imejaa unga vile vile, akasema hata mimi tangu mume wangu afe silali. Miaka 2 tulikuwa tunasalimiana tu!

Daftari endelea nalo, ila tafuta mtu mmoja asiye na mdomo, akikuuliza habari usimjibu nzuri. Na kama usingizi hauji kabisa au unawaza kujidhuru, usisubiri, nenda hospitali leo leo. Afu niandikie tena, nakusubiri.