Maswali yenu kuhusu tarehe 29 Februari

Tulifundishwa kwamba mwaka ukigawanyika kwa 4 una siku 366. Mbona wengine wanasema 2100 hautakuwa nazo?

Wako sahihi. Gawanya mwaka kwa 4. Kikibaki chochote, Februari ina siku 28. Kisipobaki kitu, tazama tarakimu mbili za mwisho. Kama si 00, huo ni mwaka mrefu. Kama ni 00, gawanya tena, safari hii kwa 400: kisipobaki kitu ni mrefu, kikibaki chochote ni mfupi. Kwa hiyo 2000 ulikuwa mrefu, 1900 haukuwa, na 2100 hautakuwa.

Chanzo ni kwamba mwaka wa jua una siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde kama 45. Ukiongeza siku moja kila baada ya miaka 4 bila kuruka, unazidisha dakika 11 na ushei kwa mwaka, na katika miaka 128 hivi zinakuwa siku nzima. Papa Gregori wa 13 aliporekebisha kalenda mwaka 1582, ilibidi siku 10 zifutwe: Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na Ijumaa ya tarehe 15.

Wanaotumia Excel, programu ya majedwali ya kompyuta, waangalie hapa. Programu hiyo inaihesabu 29/02/1900, siku ambayo haikuwepo, kwa sababu ilitengenezwa ilingane na programu ya Lotus 1-2-3 iliyoitangulia. Ukiiuliza 1 Januari 1900 ilikuwa siku gani itakwambia Jumapili, ilikuwa Jumatatu. Kuanzia 1 Machi 1900 hesabu zake ziko sawa.

Kwa nini siku ya ziada wamepewa Februari?

Kwa Warumi wa kale mwaka ulianza Machi, na Februari ulikuwa mwezi wa mwisho, kwa hiyo hesabu ilisawazishwa huko. Julius Caesar alipoanzisha kalenda yake mwaka 45 KK, hakuongeza tarehe 29. Tarehe 24 ilihesabiwa mara mbili. Baada ya kifo chake makuhani waliosimamia kalenda wakaharibu. Waliambiwa waongeze siku kila mwaka wa nne, lakini Warumi walipohesabu walijumlisha na ule wa kuanzia, wakawa wanaongeza kila baada ya miaka mitatu. Mtawala Augusto akalazimika kusitisha siku hiyo kwa miaka kadhaa mpaka zile zilizozidi zikamezwa. Kisa kwamba Augusto aliinyang'anya Februari siku ili Agosti ijae si cha kweli. Februari ilikuwa na siku 28 tangu kabla yake.

Mwanangu alizaliwa 29 Februari 2024. Nimwandikishe 28, au 1 Machi?

Hongera kwa mtoto. Mwandikishe 29, kama alivyozaliwa, na usikubali mtu akushawishi vinginevyo. Kwa Tanzania, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, huanza na tarehe ya kuzaliwa kwa tarakimu 8, mwaka ukitangulia: aliyezaliwa 29 Februari 1996 huanzia 19960229. Kadi ya kliniki ikisema 29 na cheti kikisema 28, mtoto atakuja kusumbuka kwenye pasipoti na benki kwa kosa ambalo si lake.

Fomu ya mtandaoni ikikataa 29, anza kuchagua mwaka, halafu mwezi, siku iwe ya mwisho. Nyingi hukataa kwa sababu zimefunguka na mwaka mfupi. Ikiendelea kukataa, kagua mwaka wenyewe: karatasi yenye 29/02/1994 ina kosa la aliyeiandika, na marekebisho yaanzie kwenye cheti cha kuzaliwa kabla ya hati nyingine yoyote.

Siku ya kutimiza miaka 18 inategemea sheria ya nchi. Uingereza, kwa mfano, ni 1 Machi. Keki mkate siku mnayopenda.

Kuna tukio gani kubwa la tarehe hiyo?

Kwa Afrika, ni Agadir, Morocco, mwaka 1960. Saa 5:40 usiku, mwezi wa Ramadhani ukiwa ndiyo kwanza umeanza, tetemeko lilidumu sekunde 15 hivi na kuua watu kati ya 12,000 na 15,000. Kwa kipimo halikuwa kubwa sana, kama 5.8. Lililoua ni kwamba chanzo chake kilikuwa karibu na uso wa ardhi, chini ya mji wenyewe, na nyumba hazikujengwa kuhimili mtikisiko. Mji mpya ulijengwa kusini ya ule uliobomoka.

Mwaka 1940, jijini Los Angeles, Hattie McDaniel alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda Oscar, tuzo ya filamu, kwa kuigiza katika Gone with the Wind. Usiku huohuo wa ushindi aliketishwa kwenye meza ndogo ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu ileile.

Imewahi kuwepo 30 Februari?

Ndiyo, Uswidi, 1712. Walipanga kuhamia kalenda mpya polepole kwa kuruka siku za ziada, wakaruka ya 1700, wakasahau kuruka ya 1704 na 1708. Ili warudi kalenda ya zamani wakaongeza siku mbili mwaka mmoja.

Kalenda ya Nairuzi ya Waswahili nayo ina siku ya ziada?

Haina. Mwaka wake ni miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 juu yake: 365, kila mwaka. Kwa hiyo Siku ya Mwaka, yaani mwaka mpya wake, husogea nyuma siku moja kila miaka 4 ukiilinganisha na kalenda ya ukutani. Katikati ya karne ya 19 iliangukia mwishoni mwa Agosti. Siku hizi Mwaka Kogwa, sherehe ya siku hiyo kule Makunduchi, Zanzibar, huadhimishwa Julai.

Inayofuata ni lini?

Jumanne, 2028. Kila ikirudi husogea mbele siku tano za juma: 2032 Jumapili, 2036 Ijumaa. Mzunguko hujirudia kila miaka 28 mpaka 2096. Baada ya hapo inayofuata ni ya 2104.